Kamera Iliyonyweshwa Bia

Jumanne ya karnivali, kule El Alto, mji wa milimani juu ya La Paz, hakuna kitu kinacholala na kiu. Magari yanamwagiwa bia kwenye magurudumu, cherehani zinanyunyiziwa, na mizani ya muuza viazi inavishwa tepe za karatasi kama bibi harusi. Kinachokulisha mwaka mzima, siku hiyo nacho kinywe. Hiyo ndiyo challa, na anayeidharau asije akalia mali yake ikimgeuka. Casimiro Yujra, mpiga picha wa harusi na ubatizo, hakuwa na ubishi nayo. Alikuwa na ujanja wake tu. Kila mwaka alifunga utepe kwenye mkanda wa kamera, akanyunyiza bia mlangoni, mezani na kwenye kiti cha wateja, kisha kamera yenyewe akaificha kabatini mpaka watu walewe na kusahau.

Mwaka ule ujanja haukufua dafu, kwa sababu baba yake alikuja.

Don Melitón Yujra hakuwa amekanyaga studio ya mwanawe tangu ilipofunguliwa. Alikuwa mtu wa Wilapata, huko kwenye nyanda kavu, mwenye viazi, kondoo na kiburi cha kutosha kijiji kizima. Kwake kupiga picha haikuwa kazi. Alisema ni kumvua mtu uso ukamuuzia mwenyewe, na kwamba uso haujatengana na ajayu, roho ile inayomfanya mtu awe yeye. Basilia, dada yake Casimiro, alipoolewa, mzee aliwageuzia wapiga picha kisogo siku nzima, hata leo ukifungua albamu ya harusi ile unaona kofia yake tu. Picha yake moja ilikuwa kwenye kitambulisho, aliyopigwa na serikali bila hiari, nayo ilikuwa imesagika mfukoni mpaka likabaki sikio na kipande cha shavu.

Kwa hiyo Casimiro alipomwona anaingia na kreti ya bia begani, mama yao doña Fortunata akimfuata kwa kupapasa ukuta maana macho yake yalishafunikwa na utando, aliinuka upesi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado alisimama kama anayengoja kusahihishiwa daftari.

"Iko wapi?" mzee akauliza.

"Nini, Tata?"

"Hiyo inayokulisha. Au unakula hewa siku hizi?"

Casimiro akaitoa kabatini. Mzee akaizunguka mezani, mikono nyuma, kama anayekagua fahali wa jirani. Akachovya ua la mkarafuu kwenye glasi ya bia, kisha akasita.

"Mbona imefumba mdomo?"

"Hiyo ni lenzi, Tata. Ndiyo jicho lake."

"Jicho halinywi. Mdomo uko wapi?"

"Nyuma ya jicho. Lakini ndani humo hapapendi maji."

"Nani kakutajia maji? Hii ni bia." Majirani waliojazana mlangoni wakaangua kicheko, Basilia akiwaongoza. Mzee hakucheka. Alimtazama mwanawe akasema taratibu, "Sikiliza, Casimiro. Mimi kitu hiki nimekiogopa miaka yote. Kikinywa na sisi leo, ni cha nyumbani, na cha nyumbani sikiogopi. Mwezi wa sita nakabidhi fimbo ya uongozi wa kijiji. Siku hiyo utanipiga picha. Uso, si kofia."

Ungefanyaje wewe? Casimiro alijua kabisa kilichomo ndani ya kamera. Alijua kuna kioo, na nyuma ya kioo kuna kioo kingine kidogo, na chini yake jicho la mashine linalopima umbali wa kitu. Alijua vumbi tu lina madhara. Lakini baba yake alikuwa amesimama kwenye studio yake, ua mkononi, akimwomba kwa namna yake. Akaizungusha lenzi kwa mikono yake mwenyewe, akaitoa, akaishika kamera mdomo wazi. Mzee akatikisa ua. Matone yakaingia. Casimiro akahisi furaha ambayo hajawahi kuihisi tena, na tuseme ukweli, alilia kidogo.

Kosa lilianza kujitokeza kwenye harusi ya binti wa muuza mikate. Bibi na bwana harusi walikuwa wamemwagiwa karatasi za rangi kichwani, wamependeza, na kwenye kioo cha picha nyuma ya kamera kila kitu kilionekana sawa. Kwenye kompyuta nyuso zao zilikuwa laini kama zimepakwa mafuta, huku pazia la nyuma likihesabika nyuzi. Casimiro akajilaumu mwenyewe, akasema ni haraka. Ubatizo uliofuata, mtoto akatoka ukungu na godoro alilolazwa likatoka wazi. Wateja wa El Alto hawana aibu ya kusema.

"Don Casi, hii picha ni ya harusi yangu au ya pazia?"

"Mama mkwe nilimweka nyuma makusudi, na yeye ndiye katoka vizuri kuliko wote. Umelipwa na nani?"

Casimiro akapanga chupa za bia mstari wa mshazari juu ya meza, akailenga kamera kwenye lebo ya chupa ya kati. Kamera ikalia kwa kujiamini kabisa, ti-ti, ile sauti yake ya kusema imepata. Picha ikaonyesha chupa ya nyuma ndiyo iliyo kali. Akarudia, ikawa vilevile. Fokasi, yaani pale picha inapotoka kali, ilikuwa inaangukia shibiri moja nyuma ya kila anachokilenga, na kamera haikuwa na habari. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Ingeshindwa na kunyamaza angeielewa, lakini ilikosea na kushangilia.

Akateremka La Paz kwa don Ponciano, fundi wa kamera mwenye kibanda chini ya ngazi za soko. Don Ponciano akaifungua, akainusa, akamtazama Casimiro juu ya miwani.

"Ndugu yangu, huyu kalewa."

"Ni challa, fundi."

"Naona. Na mimi nilimnywesha mashine yangu ya kahawa, lakini nilimmwagia miguuni, sikumtia puani." Akaonyesha kwa ncha ya kibano. "Kikioo hiki kidogo kinatakiwa kikae pale pale kila mara. Sasa kinakalia sukari ya bia. Kikikaa vibaya hata unywele, fokasi inahama."

"Kisafishe."

"Nikikisafisha kitahama zaidi, na mashine ya kukirudisha mahali pake hapa hatuna. Ipo kwa waliotengeneza, ng'ambo ya bahari. Mimi nikuambie la ukweli: usiifungue tena. Jifunze inavyokosea, ukosee nayo."

Akaenda akajifunza. Kulenga kwa mkono alijaribu, akashindwa. Kidirisha cha kuchungulia cha kamera ile kilikuwa kidogo, na miaka mingi ya kuiachia mashine ilikuwa imeyafanya macho yake kuwa mavivu. Akagundua njia nyingine. Aliiachia kamera ikamate jicho la mteja, akaifunga fokasi kwa kidole, kisha akaurudisha mwili wote nyuma shibiri moja ndipo akabonyeza. Kosa la kamera likakutana na kosa la mgongo, uso ukatoka kama umeoshwa. Wateja walidhani anacheza ngoma. Basilia alimwita Bwana Nusu Hatua. Lakini picha zilirudi kuwa picha, na kufika mwezi wa tano mgongo wake ulikuwa unarudi nyuma wenyewe bila yeye kuuambia.

Mwezi wa sita, Wilapata ni baridi inayouma mpaka kwenye meno. Sherehe za kukabidhi uongozi zinaanza jua likichomoza, maana jua lenyewe ni mgeni rasmi. Casimiro alifika jana yake, akalala kwenye nyumba ya udongo na kamera pembeni, na asubuhi akatoka na kuwakuta wazee wameshajipanga, poncho nyekundu, majani ya koka mashavuni. Fimbo ikabusiwa, ikapokelewa, ikarudishwa kwa mzee kwa muda ili apigwe nayo picha, jambo ambalo halikuwahi kufanyika, na watu wakanong'ona.

Don Melitón akasimama mbele ya ukuta wa kanisa. Akaiweka fimbo mbele yake, mikono yote miwili juu yake, akavua kofia. Casimiro hakumbuki kama aliwahi kumwona baba yake bila kofia mchana. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mzee yule, kwa hiari yake, aliigeukia kamera akaitazama moja kwa moja.

"Haya. Ni mara hii moja. Usinichoshe."

Casimiro alitaka picha ya maisha. Aliifungua lenzi mpaka mwisho ili ukuta na watu viyeyuke nyuma, uso ubaki peke yake. Angeifunga kidogo tu, vya mbele na vya nyuma vingetoka vyote, na pengine hadithi hii isingekuwapo, lakini alitaka uzuri, na mtu anayempenda baba yake ana haki ya kutaka uzuri. Akaweka nukta nyekundu ya kulengea kwenye jicho la mzee. Kamera ikalia ti-ti. Mgongo ukarudi nyuma shibiri moja. Akabonyeza. Akarudia, na tena, kila mara akiiangalia nukta na kuusikiliza mgongo wake, asikosee hata kidogo.

"Nimetoka?" mzee akauliza.

Jua la kule lilikuwa limeshapanda na kukipiga kioo cha picha nyuma ya kamera. Casimiro akakikinga kwa kiganja, akaona umbo la baba yake, dogo, zuri, limesimama sawasawa. Akataka kulikuza aone macho. Betri, kwa ile baridi, ikakata roho hapo hapo.

"Umetoka, Tata."

"Basi. Sitarudia." Akavaa kofia yake, akaenda kunywa na wenzake, na watu wanasema hawajawahi kumwona amechangamka vile.

Kwenye studio Casimiro alizifungua picha akiwa amesimama, hata kuketi alisahau. Kitu cha kwanza alichokiona ni mikono. Ilikuwa wazi ajabu: pete za fedha kwenye fimbo, kucha, ufa wa kidole gumba wenye udongo ndani yake, mshipa mmoja mmoja. Akapandisha picha juu. Kola ya poncho ilikuwa inaanza kufifia. Juu ya kola kulikuwa na ukungu wenye rangi ya uso. Akafungua ya pili. Akafungua zote. Mikono, mikono, mikono, na juu yake ukungu.

Alidhani mwanzoni kwamba amerudi nyuma kupita kiasi. Asubuhi iliyofuata, kwa kutaka kujua tu, aliiacha kamera juu ya paa kwenye barafu, akazipanga zile chupa huko huko, akailenga ile ya kati bila kurudi nyuma. Chupa ya kati ikatoka kali kama wembe. Akajaribu tena, ikawa hiyo hiyo. Akaiingiza ndani ikapata joto, ikaanza kukosea upya. Ndipo akaelewa. Ile sukari ikiganda kwa baridi inakiacha kikioo kikae mahali pake. Pale Wilapata, asubuhi ile, kamera ilikuwa inasema kweli. Kila ilipolia ti-ti ilikuwa imempata baba yake, jicho lake hasa, na kila mara yeye alimwondoa kwa mgongo wake mwenyewe.

Alikaa juu ya paa mpaka Basilia akaja kumtafuta. Alipomweleza, Basilia hakumtania.

"Nenda kamwambie," alisema. "Atakutukana, kisha atakubali. Mzee amelainika siku hizi."

Akaenda. Mzee alikuwa uani anamenya viazi vilivyogandishwa kwa baridi, akivikanyaga maganda yatoke, na alimkaribisha kwa furaha.

"Umeleta?"

"Sijaleta, Tata. Haikutoka."

Mzee akaacha kukanyaga. "Uliniambia nimetoka."

"Nilikosea. Mikono imetoka. Uso haukutoka. Naomba tupige tena, hapa hapa, dakika moja tu."

Mama alikuwa mlangoni, amegeuza sikio.

"Nilikupa," mzee akasema, na hakuwa na hasira, heri angekuwa nayo. "Niliuhisi ukiondoka. Watu wote wameona nimekupa. Sasa unasema kwenye picha haumo. Kwangu haujarudi. Uko wapi?"

"Tata, uso wako unao. Naona hapa."

"Nakuuliza wewe uliyeuchukua. Uko wapi?"

Casimiro angeweza kueleza habari za kikioo na sukari na baridi. Alifungua mdomo, akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika uani pale, akaufunga. Mzee akaingia ndani. Tangu hapo, watu wa Wilapata wanasema, akawa anajishikashika mashavu kama mtu anayetafuta miwani. Mwezi wa nane alilala asiamke. Daktari wa wilaya aliandika moyo. Kwenye maziko mama alikataza kamera isivuke kizingiti.

Zile picha hakuzifuta. Alianza kuzishughulikia. Kuna programu za kunoa picha, na Casimiro alizijaribu zote, kila alipopata nafasi, wateja wakisubiri kwenye benchi. Akipandisha ukali, ukungu ulipata mistari, na mistari ilikuwa ya uongo: ilimpa mzee kovu asilokuwa nalo, kisha ikamfanya kijana, kisha mwanamke. Akiushusha, mzee aliyeyuka. Siku nyingine aliamini ameuona mdomo. Akatoa nakala kubwa, akaitundika mbele ya meza, akawa anaitazama akiwa anakula, anapojibu simu, anapowapanga watu kwenye kiti. Basilia alimwambia aishushe. Alisema bado kidogo.

Novemba ikaja, na Watakatifu Wote, siku ambayo wafu wanarudi nyumbani kula. Kila nyumba yenye msiba mpya hutandika meza, na juu ya meza huwekwa picha ya marehemu, na mkate wa tantawawa wenye umbo la mtu, wenye sura ndogo ya jasi iliyobandikwa kichwani. Nyumba ya Yujra haikuwa na picha. Mama akasema basi mkate ndio utakaofanya kazi yote, kwa hiyo sura yake ichaguliwe vizuri. Akateremka kutoka Wilapata kwa ajili hiyo tu, akamtaka Casimiro amshike mkono waende sokoni.

Muuzaji alikuwa ametandaza sura zake juu ya shuka, zimelala chali kwa mamia, zina mashavu mekundu na macho meusi. Kulikuwa na wenye ndevu, wenye masharubu, mabibi wenye mikia ya nywele, watoto.

"Macho yangu unayajua," mama akasema. "Nichagulie wewe, kuangalia nyuso ndiyo kazi yako. Tafuta inayofanana naye. Asije akafika mezani akakuta mkate wa mtu mwingine, akaondoka na njaa."

Casimiro akachuchumaa. Akachukua moja yenye masharubu, akairudisha. Akachukua yenye uso mrefu. Akafumba macho ili amwone baba yake amwekee sura hiyo pembeni. Mikono ikaja mara moja, na kucha, na ufa wa kidole gumba. Ikaja fimbo, ikaja kola ya poncho. Juu ya kola akakuta ule ukungu, ule ule wa ukutani. Akarudi nyuma zaidi, akamtafuta kwenye challa, ameshika ua, akamtafuta utotoni, anapita na kondoo. Kila mahali alimkuta amesimama anamngoja, na kila mahali hakuwa na uso.

"Chukua yoyote, don," muuzaji akasema. "Zote zimetoka kwenye kalibu moja."

Mama alikuwa bado amenyoosha kiganja, anangoja kuwekewa.

"Mama," Casimiro akasema, "pua yake ilikuwaje?"

Mama akatabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha tabasamu likaondoka, kiganja kikashuka kidogo kidogo.

"Hata wewe uso wake umekupotea?" akasema.

Watu walikuwa wanasukumana nyuma yao. Casimiro hakuinuka, na muuzaji akawafungia kwenye gazeti ile sura iliyokuwa karibu na mkono wake.